Muda si Hati ya Milki

Si zamani sana nilialikwa katika shule moja ya sekondari kuwa mwamuzi wa mdahalo. Hoja iliyowekwa mezani ilisema kwamba vitu vya sanaa vilivyotekwa vitani sharti virudishwe kwa warithi wa wenyewe. Upande uliounga mkono ulisema kwa uchungu mwingi na ushahidi mchache. Upande uliopinga ulikuwa na kijana mmoja mwenye ulimi mwepesi, naye alizipanga hoja zake kama mwashi apangavyo matofali. Kwanza, alisema, muda umepita. Walioiba wamekufa na walioibiwa wamekufa. Pili, aliye na kitu leo hakukiiba, alikinunua kwa fedha yake. Tatu, sheria ya nchi kilipo kitu hicho haimruhusu kukitoa. Nne, kikirudishwa, warithi watakiuza au watakigombania. Ukumbi ukampigia makofi, na kura zikawa zake.

Baada ya mdahalo alinifuata nje. "Shikamoo, mzee. Je, nilikosea?"

"Marahaba, mwanangu. Ulisema vizuri, lakini hukusema kweli."

Gari lilikuwa likinisubiri, nami sikupata nafasi ya kumweleza. Maelezo yenyewe ni haya. Nayaandika kwa ajili yake na ya walimu wake, maana hoja zile nne hakuzitunga yeye. Ni hoja za mawakili wa majumba makubwa ya makumbusho ya Ulaya. Zimekwisha kusemwa mbele ya mahakimu, na baadhi zimeshinda. Kijana wetu amezirithi bila kujua zilikotoka. Kumbe hata dhuluma huacha urithi.

Nitaanza na Ulaya, na nafanya hivyo makusudi. Ukitaka kukijua kipimo cha mfanya biashara, usitazame anavyokupimia wewe tu. Mtazame anavyojipimia mwenyewe.

Baina ya mwaka 1933 na 1945 serikali ya Wanazi wa Ujerumani iliwaua Wayahudi wapatao milioni sita. Kabla ya kuwaua iliwanyang'anya mali, na katika mali hiyo zilikuwamo picha za kuchorwa, vitabu, sanamu na vyombo vya thamani. Unyang'anyi huo haukufanywa kwa bunduki peke yake. Ulifanywa kwa fomu, kwa mihuri, kwa hati za mauzo na kwa kodi waliyotozwa waliotaka kuikimbia nchi. Mimi niliyetumikia masjala za serikali kwa miaka mingi naisoma habari hiyo kwa kuona haya. Kalamu iandikayo stakabadhi ya haki ndiyo iliyoandika stakabadhi ya wizi.

Mataifa yaliyopigana na Wanazi yaliutambua ujanja huo mapema. Tarehe 5 Januari 1943, vita vikiwa bado vinawaka, yalitangaza mjini London kwamba yanajiwekea haki ya kubatilisha kila uhamisho wa mali uliofanyika katika nchi zilizotekwa, hata kama ulivikwa joho la sheria, na hata kama ulionekana kuwa wa hiari. Uingereza ilikuwa miongoni mwa waliotangaza. Msomaji na aiweke akilini tarehe hiyo, maana tutairudia.

Sasa tuitazame daawa moja iliyo mashuhuri. Mwaka 1907 mchoraji Gustav Klimt wa Vienna alikamilisha picha ya bibi mmoja Myahudi aitwaye Adele Bloch-Bauer, akaipamba kwa dhahabu. Adele alifariki mwaka 1925. Katika wasia wake alimwomba mumewe, Ferdinand, kwamba naye atakapokufa aliachie taifa picha za Klimt zilizokuwa nyumbani mwao. Mwaka 1938 Wanazi wakaitwaa Austria, Ferdinand akakimbia, na mali yake yote ikaangukia mikononi mwao. Wakili wa Kinazi aliyewekwa kuifilisi nyumba ile aliipeleka picha ya Adele katika jumba la sanaa la taifa mwaka 1941, akidai kwamba anatimiza wasia wa marehemu. Barua yake aliitia saini kwa salamu ya kumtukuza Hitler. Ferdinand alikufa uhamishoni Uswisi mwaka 1945, akiwa ameusia kwamba mali yake iwaendee watoto wa ndugu yake. Mmoja wao alikuwa Maria Altmann, aliyekuwa amekimbilia Marekani.

Vita vilipokwisha, Austria iliwawekea warithi mtego mwingine. Aliyetaka kusafirisha mali aliyorudishiwa alihitaji kibali, na kibali hakikutoka bure. Mwaka 1948 wakili wa familia alikubali kwamba picha za Klimt ni za taifa, ili vitu vingine viruhusiwe kutoka. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa zawadi. Atoaye mkono mmoja ili asinyang'anywe wa pili hajatoa zawadi.

Miaka 50 ikapita. Mwaka 1998 Austria ilipitisha sheria ya kurudisha vitu vya namna hiyo, na katika majalada yaliyofunguliwa maandishi ya kale yakaonekana. Hata hivyo mwaka 1999 kamati ya serikali ilikataa kuzirudisha picha za Klimt. Maria Altmann alitaka kwenda mahakamani katika nchi aliyozaliwa, akaambiwa kwamba ada hupimwa kwa thamani ya kinachodaiwa. Ada hiyo ingefika dola milioni kadhaa. Aliomba kusamehewa, akapunguziwa hata ikabaki takriban dola 350,000, na serikali ikaukatia rufaa hata msamaha huo. Hebu tulifikiri jambo hilo: kadiri mwizi alivyoiba kitu cha thamani kubwa, ndivyo mwenyewe alivyotozwa zaidi ili apewe ruhusa ya kukidai.

Akafungua daawa yake Marekani. Mwaka 2004 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliamua, kwa mahakimu 6 dhidi ya 3, kwamba Austria haiwezi kujificha nyuma ya kinga ya dola kwa sababu tu mambo yalitendeka kabla ya sheria ya kinga hiyo iliyotungwa 1976. Pande zote mbili zikakubali kwenda kwa wasuluhishi watatu wa Austria yenyewe. Mwezi Januari 2006, Maria akikaribia umri wa miaka 90, wasuluhishi waliamua kwamba picha tano zirudishwe kwa warithi. Waliupima wasia wa Adele wakaona kwamba yeye aliomba tu, na mwenye picha alikuwa mumewe. Walimu wa Kiswahili, wafundisheni vijana tofauti ya "naomba" na "naamuru", maana neno moja liliamua hatima ya milki iliyogombaniwa kwa zaidi ya nusu karne.

Mwanangu, hoja yako ya kwanza ilisema kwamba muda umepita. Nakuuliza: ni nani aliyeupitisha? Katika daawa hii muda ulipitishwa na aliyefunga majalada, aliyeuza vibali, na aliyepandisha ada. Mdaiwa aliyemchelewesha mdai kwa makusudi hawezi kumgeukia na kumwambia kwamba amechelewa. Muda hufuta wino hafifu na huua mashahidi, hilo ni kweli. Lakini hakuna mahali popote ambapo muda uliwahi kutia saini hati ya mauzo.

Natuje kwenye hoja ya pili, ya mnunuzi asiye na hatia. Mwaka 1939 bibi mmoja wa Ujerumani, Lilly Cassirer, alitaka kuikimbia nchi. Alikuwa na picha ya mchoraji Camille Pissarro, iliyochorwa 1897, ionyeshayo mtaa wa Paris wakati wa mvua. Wanazi walimlazimisha kuitoa kwa marki 900, tena fedha zenyewe zikawekwa katika akaunti asiyoweza kuigusa. Picha ikapita mikono mingi. Mwaka 1976 ilinunuliwa na tajiri Thyssen-Bornemisza, na mwaka 1993 serikali ya Hispania ikaununua mkusanyo wake ambao picha hiyo ilikuwamo. Mwaka 2000 mjukuu wa Lilly, Claude Cassirer, akapata habari kwamba picha ya nyanya yake imetundikwa katika jumba la makumbusho mjini Madrid. Akafungua daawa mwaka 2005. Alikufa 2010 kabla ya kupata haki, na mwanawe akaichukua daawa, kama mtu arithivyo deni.

Mahakama zilishindana juu ya swali moja: sheria ya nani itumike? Kwa sheria ya California, mwizi hawezi kumpa mtu milki, hata mtu huyo awe amenunua kwa nia njema. Kwa sheria ya Hispania, aliyekaa na kitu waziwazi kwa miaka sita huweza kuwa mwenyewe hata bila ya nia njema. Mwezi Januari 2024 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba itumike ya Hispania, na jumba la makumbusho likashinda. California ikatunga sheria mpya mwaka huo huo kuwalinda warithi wa namna hiyo, na mwezi Machi 2025 Mahakama Kuu Kabisa ikaufuta uamuzi ule na kuirudisha daawa chini ikaangaliwe upya.

Miaka 20 na zaidi, na hakuna hata upande mmoja uliobisha kwamba bibi yule aliporwa! Wizi unakubaliwa, kinachobishaniwa ni kama umezeeka vya kutosha. Sisemi kwamba kila mnunuzi ni mwizi. Wako walionunua bila kujua, na hao wana haki ya kumdai aliyewauzia. Lakini mnunuzi wa picha za mamilioni huuliza rangi ni ya nani, turubai ni ya mwaka gani, na saini ni ya kweli au ya bandia. Akiyauliza hayo yote, na asiulize picha ilikuwa kwa nani mwaka 1939, basi kutojua kwake ni kwa kutaka. Ng'ombe wa wizi akiuzwa mnadani mara kumi, bado ana alama ya mwenyewe ubavuni.

Hoja ya tatu ndiyo iliyopigiwa makofi mengi zaidi: sheria hairuhusu. Hapa ndipo ninapomwomba msomaji awe macho. Jumba la makumbusho la Uingereza mjini London linatawaliwa na sheria ya mwaka 1963, ambayo hulikataza kutoa vitu vyake isipokuwa kwa sababu chache. Ndani yake zilikuwamo picha nne zilizochorwa na mabingwa wa kale, zilizoporwa na polisi wa siri wa Wanazi mwezi Machi 1939 kutoka nyumba ya Arthur Feldmann, katika mji wa Brno. Wasimamizi wa jumba wenyewe walitaka kuzirudisha. Mwaka 2005 mahakama ikawaambia kwamba hawawezi. Wajibu wa kiutu, ilisema, haupindui sheria ya Bunge.

Je, Bunge la Uingereza lilifanya nini? Mwaka 2009 lilitunga sheria mpya ya kuyaruhusu majumba kama hayo kurudisha vitu vilivyoporwa katika enzi ya Wanazi. Nalisifu kwa hilo. Lakini sheria hiyo iliwekewa mipaka, baina ya 1933 na 1945. Mlango umefunguliwa kwa kipimo cha mgeni mmoja, ukafungwa nyuma yake.

Nje ya mlango huo wako wengine waliotangulia kufika. Mwaka 1868 jeshi la Uingereza liliivamia ngome ya Maqdala, Mfalme Tewodros wa Ethiopia akajiua, na hazina ya ikulu na ya kanisa ikachukuliwa. Hata mbao takatifu za kanisa, ziitwazo tabot, 11 zikaingia katika jumba lile la London, ambako haionyeshwi hata moja kwa watu, kwa kuwa dini inakataza. Mwezi Februari 1897 jeshi la Uingereza liliuteka mji wa Benin, likamwondoa Oba Ovonramwen, na maelfu ya vitu vya shaba na pembe vikasafirishwa. Zaidi ya vitu 900 vya Benin vimo katika jumba hilo moja.

Sasa turudi kwenye tarehe 5 Januari 1943. Taifa lililotangaza siku ile kwamba mauzo ya mtu aliyeshikiwa bunduki si mauzo, lilikuwa na shaba za Benin katika makabati yake. Kanuni ilikuwa njema, ila waliyoitunga hawakujipimia nayo. Nami sidai kanuni mpya hata moja. Nadai ile ile, bila mipaka ya miaka na bila mipaka ya rangi.

Yasije yakasemwa kwamba Waafrika hawakujaribu mahakama. Mwezi Januari 2017 viongozi wa Waherero na Wanama wa Namibia, ambao watu wao waliangamizwa na majeshi ya Ujerumani baina ya 1904 na 1908, waliishitaki Ujerumani mjini New York. Walipita mlango ule ule wa kinga ya dola aliopita Maria Altmann. Daawa ilitupwa mwaka 2019, na rufaa ikashindwa 2020. Mahakama haikusema kwamba mauaji hayakuwako. Ilisema kwamba kinga ya Ujerumani bado imesimama. Altmann alikuwa na picha moja moja, zenye majina, vipimo, wasia na barua. Hawa walikuwa na taifa zima lililopigwa, na mahakama haina kabati la kuweka jambo kubwa kiasi hicho.

Imebaki hoja ya nne: warithi watakiuza au watakigombania. Ni kweli kwamba picha ya Adele iliuzwa mwaka 2006 kwa bei iliyotangazwa kuwa dola milioni 135, nayo imo katika jumba la sanaa mjini New York. Ni kweli pia kwamba Ujerumani ilipoirudishia Nigeria shaba 20 mwezi Desemba 2022, ulizuka ubishi baina ya waliosema ni mali ya taifa na waliosema ni mali ya Oba. Serikali ya Nigeria ikamtambua Oba kuwa mwenyewe mwaka 2023, na chuo kikuu kimoja cha Uingereza kikaahirisha kuvirudisha vya kwake. Lakini tangu lini jirani aliyechukua mbuzi wako akapewa haki ya kukaa naye mpaka wewe na ndugu zako mpatane juu ya nyama? Mwenye mali anaweza kuiuza, kuitunza, hata kuigombania na nduguye. Hayo yote ni matunda ya umilki. Ugomvi wa warithi ni wa nyumbani, nao huamuliwa nyumbani. Na Uholanzi haikuungoja utulivu kamili. Mwaka 2025 ilirudisha Nigeria vitu 119.

Nasi Tanzania? Tunayo daawa yetu kongwe. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua mwaka 1898 ili asishikwe na Wajerumani, katika muda wa miezi sita. Lilirudi mwaka 1954. Miezi 6 ya mkataba ikawa miaka 35 ya kungoja. Fuvu si kazi ya sanaa, bali ni mwili wa mtu. Lakini somo ni lile lile. Hata ahadi iliyoandikwa na kutiwa saini na madola hulala, ikiwa hakuna wa kuiamsha.

Mwezi Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha kwa waliyotendewa wazee wetu katika vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Kuomba msamaha ni uungwana, nasi ni watu wa kuupokea uungwana. Walakini msamaha hauna orodha. Katika makumbusho ya Berlin vimo vitu vilivyotekwa katika vita hivyo, na kila kimoja kilikuwa cha mtu, katika kijiji fulani, kwa kazi fulani. Ni nani miongoni mwetu aliye na orodha ya upande wa pili, upande wa waliochukuliwa?

Nakumbuka mzee mmoja aliyekuja ofisini kwetu kudai shamba lake. Jalada lake lilikuwa limepotea, na mwenye kulipoteza alikuwa sisi. Mzee alitoa kifukoni stakabadhi ya kodi iliyokunjwa mara nne, ya miaka mingi nyuma, na shamba likaokolewa na kipande kile. Asingalikuwa nacho, tungalimwambia kwa upole kwamba muda umepita.

Kwa hiyo nawaambia walimu na wanafunzi: kazi ya warithi huanza kabla ya mahakama. Likizo ijapo, kila kijana amkalishe bibi au babu yake amwulize ni nini kilichokuwa cha ukoo na hakipo tena: ngoma, kiti cha enzi, mkuki, kinyago. Kilifananaje? Kilichukuliwa na nani, mwaka wa njaa gani au wa vita gani? Aandike, atie tarehe na jina la msimulizi, na shule iyatunze maandishi hayo chini ya kufuli. Hakimu atakayeletewa daftari hilo miaka 50 ijayo huenda akalikataa. Lakini asiyeletewa kitu hana hata cha kukataa.

Na wewe kijana wa mdahalo, una ulimi mzuri. Utumie upande wa mwenye mali. Nami nikiwa mshairi, nakuachia beti hili:

Cha wizi si cha halali, japo kitunzwe azizi,
Siku zikienda mbali, hazifuti uchokozi,
Mwenyewe adai mali, kwa hati na simulizi,
Tuandike kila hali, warithi wawe wajuzi.